Kabla Hujampeleka Mbwa Wako Darasani

Kwenye mageti mengi ya Nairobi, mgeni hulakiwa na kibango cha bati kilichoandikwa “Mbwa Kali”. Kwa miaka mingi hilo ndilo tulilomtakia mbwa: afungiwe bandani mchana, afunguliwe usiku, abweke, aogopwe. Mbwa wa namna hiyo hakuwa na haja ya kujua adabu za watu, kwa sababu hakukutana nao.

Siku hizi mambo ni tofauti. Familia zinazoishi maghorofani zinafuga mbwa. Watoto wanacheza na vijibwa sebuleni. Wikendi asubuhi, msitu wa Karura unajaa watu wanaotembeza mbwa wao miongoni mwa wakimbiaji, waendesha baiskeli na kina mama wenye watoto mgongoni. Mbwa aliyekuwa wa nyuma ya nyumba amekuja mbele, na sasa anapita katikati ya watu wasiomjua. Ndiyo maana wengi wanajiuliza swali ambalo wazazi wetu hawakuwahi kujiuliza: je, nimpeleke mbwa wangu kwenye darasa la utii pamoja na mbwa wengine, au nimfundishe mwenyewe nyumbani?

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa mbwa wengi, darasa la pamoja ni jambo jema, nalo linastahili muda wako na pesa zako. Lakini yapo mambo matatu ya kupima kwanza: kama mbwa wako anaweza kukaa karibu na wenzake bila hofu, mwalimu anatumia njia gani, na nani hasa nyumbani kwako atakayeshika kamba. La tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu wanalolisahau.

Kinachofundishwa uwanjani

Anayefikiria kwamba atampeleka mbwa darasani ili mwalimu amnyooshe, na akae pembeni akisubiri, hajaelewa shughuli yenyewe. Tuliangalie somo la kwanza kabisa, la kumfundisha mbwa kukaa.

Mwalimu anachukua kipande cha ini lililochemshwa, kidogo kama punje ya hindi, anakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anakisogeza hadi puani mwa mbwa. Hasemi neno. Anauinua mkono polepole, ukipita juu ya kichwa cha mbwa kuelekea mgongoni. Mbwa anaifuata harufu kwa pua. Shingo inapopanda, makalio yanashuka. Yanapogusa nyasi tu, papo hapo, mwalimu anasema “vizuri!” na ini linaingia kinywani. Akichelewa sekunde mbili tatu, mbwa ameshainuka, na kilicholipwa ni kuinuka. Neno “kaa” halijatajwa bado. Litaongezwa baadaye, mbwa akishalielewa tendo lenyewe.

Kisha wenye mbwa wanaambiwa wajaribu, na hapo ndipo somo linapoanza kwa kweli. Mmoja ameuinua mkono juu mno, mbwa anarukia. Mwingine anakariri “kaa, kaa, kaa, kaa” mpaka neno linakosa maana. Wa tatu ameikaza kamba tangu aliposhuka garini, na mbwa wake, akiusikia ule mkazo shingoni, anaamini kuna hatari mahali hapo. Mwalimu anazunguka akirekebisha mikono, sauti na kamba za binadamu. Mbwa wenyewe hawasumbui sana. Mwanafunzi ni wewe.

Hilo ndilo linalolifanya darasa la pamoja liwe na faida ambayo kitabu au video haiwezi kuitoa: kuna mtu anayekutazama unavyofanya. Na kuna faida ya pili. Mbwa hajui kwamba alichojifunza jikoni kinatumika pia getini. Yule anayekaa vizuri mbele ya friji anaweza kuonekana kama hajawahi kulisikia neno hilo bodaboda inapopita au mbuzi wa jirani anapokatiza. Wala si ukaidi. Inabidi afundishwe jambo lile lile mahali pengi, penye vishawishi vinavyoongezeka kidogo kidogo. Uwanja wenye mbwa wengine sita au saba, kila mmoja na harufu yake na mwenye wake, ni kishawishi kikubwa ambacho huwezi kukitengeneza peke yako nyumbani.

Hata hivyo, darasa la kawaida ni la saa moja kwa wiki. Wiki ina saa 168. Hizo 167 zilizobaki ni zako, na kama hutatenga dakika tano asubuhi na tano jioni kurudia yaliyofundishwa, utakuwa umelipia matembezi tu.

Umri, chanjo na hesabu ya hatari

Wenye vijibwa wadogo wana swali lao: nianze lini? Zamani mbwa alisubiriwa afike miezi sita ndipo apelekwe kufundishwa, kwa sababu mafunzo ya enzi hizo yalikuwa ya kuvutwa kwa mnyororo na yangemvunja mdogo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, daktari wa mifugo Mwingereza Ian Dunbar alianzisha huko California madarasa ya vijibwa, akiwaacha wacheze bila kamba huku wakijifunza. Alikuwa na msingi wa kufanya hivyo. Mwaka 1965, John Paul Scott na John Fuller walikuwa wametoa matokeo ya utafiti wao mrefu wa Bar Harbor, jimbo la Maine, ulioonyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na mbili ya maisha yake, mbwa huwa na kipindi ambacho anakipokea kirahisi kile anachokutana nacho. Asiyeona watoto, wazee, miavuli, pikipiki na mbwa wengine katika kipindi hicho, huenda akawaogopa maishani mwake mwote. Na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma.

Tatizo ni kwamba kipindi hicho hicho ndicho ambacho chanjo zake hazijakamilika, maana mfululizo wake huendelea mpaka karibu wiki ya kumi na sita. Kwetu hatari hiyo si ya kupuuza. Parvo huua kijibwa kwa siku chache za kutapika na kuharisha damu, na virusi vyake vinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Distempa nayo huenea kwa kasi ya kutisha: mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliufuatilia ugonjwa huo hadi kwa mbwa wa vijiji vya jirani.

Madaktari wa mifugo wa Marekani waliobobea katika tabia za wanyama wamelitolea jambo hili mwongozo: kijibwa anaweza kuanza darasa akiwa na wiki saba au nane, mradi amepata angalau chanjo ya kwanza siku saba kabla, na amepewa dawa ya minyoo. Hoja yao ni kwamba mbwa wengi zaidi hupoteza maisha au makazi kwa sababu ya tabia mbaya kuliko kwa maradhi ya kuambukiza. Nakubaliana nao, ila kwa mazingira yetu naweka masharti. Kadi ya chanjo ya kila mbwa iangaliwe getini, bila kuoneana haya. Vijibwa wafundishiwe mahali panapoweza kuoshwa kwa dawa ya klorini, kama veranda ya saruji, si kwenye uwanja wa wazi ambako mbwa wa kila aina hupita. Na kabla ya yote, zungumza na daktari wako wa mifugo, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama mtaani kwenu kuna parvo wiki hiyo.

Mbwa mzima naye asikatiwe tamaa. Wa miaka mitano, wa miaka minane, wote hujifunza. Na darasa si la German Shepherd na Rottweiler pekee. Mbwa wa kienyeji aliyeokotwa sokoni, aliyezoea kujitafutia riziki kwa kusoma nyuso za watu, mara nyingi hushika mambo upesi sana.

Asiyefaa kupelekwa kwanza

Wapo mbwa ambao darasa la pamoja litawaharibu zaidi. Aliyewahi kuuma mtu au mbwa mwenzake aanze peke yake na mwalimu mwenye ujuzi wa tabia za ukali. Mgonjwa, aliyetoka kujifungua, na jike aliye kwenye joto wabaki nyumbani. Na yupo mbwa mwoga, ambaye wengi humpeleka wakidhani kundi litamchangamsha.

Mwoga ana ishara zake, nazo huonekana mapema. Mkia umefyatwa katikati ya miguu. Masikio yamelala nyuma. Anapiga miayo ilhali hana usingizi, analamba midomo ilhali hakuna chakula, anageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana. Kipimo rahisi ninachokiamini ni cha chakula: simama naye mbali na mbwa wengine, mpe kipande cha nyama anachokipenda kuliko vyote. Akila na kukutazama akitaka kingine, yuko tayari kujifunza mahali hapo. Akikikataa, au akikipokea na kukidondosha macho yakiwa kwingine, hofu imemjaa na hakuna somo litakaloingia. Rudi nyuma hatua kumi, jaribu tena. Kama hata mbali kabisa anakataa kula, darasa halimfai kwa sasa. Mfundishe nyumbani, kisha barabarani penye utulivu, kisha mbele ya mbwa mmoja mpole, na miezi michache baadaye lifikirie upya.

Kumtoa mbwa wa namna hiyo darasani si kushindwa. Ni kumlinda.

Mchunguze mwalimu

Kati ya darasa lililo karibu na nyumbani na mwalimu mzuri aliye mbali, mfuate mwalimu. Kazi hii haina leseni ambayo kila mtu analazimika kuwa nayo. Yeyote mwenye kamba na sauti nzito anaweza kujiita mkufunzi. Kwa hiyo inakubidi uelewe njia mbili kuu zinazotumika.

Ya kwanza ni ya kulazimisha. Mkufunzi wa Kijerumani Konrad Most aliiandikia kitabu mwaka 1910, na ikaenea kupitia mbwa wa polisi na wa jeshi: mbwa akikosea anavutwa shingo kwa nguvu, akitii anaachwa apumue. Baadaye ikapata utetezi mwingine, kwamba mbwa ni mbwamwitu, mbwamwitu huishi kwa kupigania ukubwa, na kwa hiyo binadamu lazima aonyeshe nani mkubwa. Dhana hiyo ilitokana na utafiti ambao Rudolf Schenkel aliuchapisha mwaka 1947 kuhusu mbwamwitu waliofungiwa pamoja. Mtafiti wa Marekani David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia kuieneza, aliirekebisha mwenyewe mwaka 1999 baada ya kuishi karibu na mbwamwitu wa porini: kundi lao kwa kawaida ni familia, baba na mama na watoto wao. Bado utawakuta wakufunzi wanaomlaza mbwa chali kwa nguvu kwa jina la dhana ambayo mtetezi wake mkuu ameiacha.

Njia ya pili ni ya kumlipa mbwa anapofanya vyema na kupanga mazingira yasimpe nafasi ya kukosea. Anayedhani hii ni njia ya watu laini wa ughaibuni aende Morogoro. Huko, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya akinusa sahihi husikia mlio mfupi wa kidude cha mkononi, halafu hupewa chakula, ndizi ikiwa miongoni mwa vivutio vyao. Hapigwi, havutwi. Panya aitwaye Magawa, aliyefunzwa Tanzania kwa njia hiyo, aligundua mabomu ya ardhini 71 huko Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza. Ikiwa malipo yanatosha kwa kazi ambayo kosa moja linaweza kumkata mtu mguu, yanatosha kumfundisha mbwa wako asimrukie mgeni.

Ushahidi upo pia kwa mbwa wenyewe. Utafiti uliofanyika Ureno na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha mbwa 92 wa nyumbani kutoka shule za njia tofauti. Wale wa shule zilizotumia zaidi adhabu walionyesha dalili nyingi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo kwenye mate yao iliongezeka baada ya somo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, nenda ukaangalie somo moja, na mbwa mwache nyumbani. Keti pembeni. Tazama mikia: inayumba au imefyatwa? Hesabu mbwa, wakizidi wanane kwa mwalimu mmoja, wewe hutafikiwa. Angalia mbwa anayeshindwa anafanyiwa nini: anasogezwa mbali na kurahisishiwa, au anavutwa mpaka akohoe? Uliza swali hili moja: “Mbwa wangu akikosea, utafanya nini?” Mwalimu mzuri hujibu kwa utulivu na kwa maelezo. Anayeahidi kumnyoosha kwa wiki moja, au asiyetaka watazamaji, muage kwa heshima uende zako.

Nani atashika kamba?

Sasa niseme lile lililo zito. Katika nyumba zetu nyingi, anayelipia mbwa si anayeishi naye. Mwenye nyumba anatoka alfajiri na kurudi usiku. Anayepika ugali na matumbo ya mbwa ni dada wa kazi. Anayemfungua na kumfunga ni mlinzi. Wanaocheza naye mchana ni watoto. Halafu Jumamosi, mwenye nyumba anampakia mbwa garini wanakwenda darasani wawili tu.

Mbwa huyo atajifunza kumtii mtu anayemwona kwa saa mbili kwa siku. Mlinzi ataendelea kumpigia kelele, watoto wataendelea kumtupia chapati mezani anapoomba, na kila mmoja atakuwa na neno lake: huyu “kaa”, yule “keti”, mwingine “sit”. Kosa si la mbwa. Ukiamua kwenda darasani, mpeleke yule anayekaa naye. Dada au kaka wa kazi akienda, alipwe kwa saa hizo kama kazi nyingine yoyote, na aulizwe kwanza kama anamwogopa mbwa, maana si haki kumkabidhi mtu kamba ya mnyama anayemtetemesha. Mwalimu anayekubali watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa ada ile ile ni wa kumshika. Jioni, kaeni pamoja mkubaliane maneno, myaandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa jikoni.

Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono ule mtindo wa kumpeleka mbwa bweni, akae kwa mkufunzi mwezi mzima, arudishwe “amekamilika”. Hurudi akimtii mkufunzi. Wanaotegemea mbwa kwa kazi nzito wanalijua hili. Huko Usa River, karibu na Arusha, Shirika la Wanyamapori Afrika, AWF, limewafunza mbwa wa kunusa pembe za ndovu zinazosafirishwa kwa magendo, na askari wa wanyamapori watakaofanya nao kazi wamepelekwa kituoni wakafunzwe pamoja nao. Mbwa na mwongozaji wake hutoka pale wakiwa kitu kimoja.

Haki ya jirani

Wapo watakaosema mbwa wangu yuko ndani ya ua wangu, nimsomeshe kwa faida gani? Naomba wamfikirie mtu aliye upande wa pili wa geti. Wengi wetu tumelelewa tukimwogopa mbwa, na hofu hiyo ina sababu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote barani Asia na Afrika, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto anayetimua mbio akimwona mbwa wako hajui kama amechanjwa. Mfikirie pia jirani Mwislamu aliyekwisha kutawadha na anaelekea msikitini. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea katika upwa wetu, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayemrukia na kumlamba kwa mapenzi amemharibia ibada yake, na “usijali, haumi” si jibu la kumpa.

Mbwa anayejua kukaa mgeni anapopita, anayerudi akiitwa mara moja, anayetembea bila kuivuta kamba, anampa kila mtu nafasi yake barabarani. Hayo matatu yakishikwa, darasa limelipa, hata kama mbwa hatajua kamwe kupeana mkono wala kubingirika.

Ndiyo maana nasema nenda, ukiwa umempima mbwa wako kwa ukweli na kumchunguza mwalimu wako kwa makini. Usipopata darasa linalofaa, au mfuko hauruhusu, anza nyumbani na ini lako la kuchemsha, dakika tano asubuhi na tano jioni, jikoni kwanza, kisha uani, kisha getini. Lakini usikae bila kuamua, kwa sababu mbwa anajifunza kila siku, afundishwe asifundishwe. Anayeachiwa geti na kelele vimlee ataishia kufungwa mnyororo maisha yake yote, na huo ni uonevu kwa mnyama ambaye angeweza kutembea barabarani na watu wake, bila mtu yeyote kuhama njia.